Picha za Kuchonga za Madaktari wa Marekani wa Karne ya 19: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzinunua na Kuzitunza

Ukitafuta picha za kale za madaktari wa Marekani kwenye minada ya mtandaoni utaletewa mamia ya nyuso zinazokaribiana mno: mzee mwenye sharafa nene, koti jeusi, kola iliyosimama, macho yakitazama pembeni kidogo, na chini yake saini ya mikogo. Wanunuzi wengi hununua uso. Mimi nakushauri uanzie chini. Ule ukanda mwembamba wa maandishi kati ya picha na ukingo wa karatasi ndio wenye habari za kuaminika. Mchongaji alilipwa ili amfanye mwenye sura apendeze, lakini aliyeandika jina la mchapishaji na mwaka wa kusajili alikuwa akitimiza sheria.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, awe anaishi Marekani na anapita kwenye maduka ya vitabu vya zamani ya Philadelphia na Boston, au yuko Tanga na ananunua kwa posta.

Zilitoka wapi

Nyingi kati ya picha hizi hazikukusudiwa kutundikwa ukutani. Zilikuwa kurasa za vitabu. Kabla ya miaka ya 1880 haikuwa rahisi kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi, kwa hiyo aliyetaka sura ya mtu ionekane kitabuni alihitaji bamba la shaba au chuma, na fundi wa kulichonga. Kamusi za wasifu wa matabibu zikawa biashara nzuri. Samuel D. Gross alitoa yake Philadelphia mwaka 1861, na William B. Atkinson akatoa nyingine mji huohuo mwaka 1878. Baada ya taifa lile kutimiza miaka 100 mwaka 1876, vikafurika vitabu vya historia za wilaya, vikiuzwa kwa watu waliojiandikisha na kulipa mapema.

Na hapo ndipo penye siri ambayo wauzaji hawaisemi: katika vitabu vingi vya namna hiyo, mwenye sura ndiye aliyegharimia bamba lake. Daktari wa mji mdogo mwenye pochi nene anaweza kuwa na picha kubwa na safi kuliko Ephraim McDowell, ambaye Desemba 1809, kule Danville, Kentucky, alimpasua Jane Todd Crawford na kumtoa uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai bila dawa yoyote ya usingizi, na mama yule akapona. Kwa hiyo ukubwa wa picha usikutishe. Unaonyesha nani alilipa.

Zilitokaje vitabuni? Baadhi zilianguka zenyewe jalada lilipooza. Nyingi zilikatwa. Mwaka 1769 Mwingereza James Granger alichapisha kitabu cha wasifu kilichowapa wasomaji hamu ya kukusanya sura za watu waliotajwa na kuzipachika kati ya kurasa, na tabia hiyo ikavuka bahari. Mmoja wa Wamarekani walioishiriki kwa bidii alikuwa daktari mwenyewe: Thomas Addis Emmet wa New York, bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliyezaliwa 1828 na kufa 1919. Mkusanyo wake wa hati na picha za historia ya Marekani uliingia maktaba ya Lenox mwaka 1896, na leo uko katika maktaba ya umma ya New York, ambako sehemu yake kubwa inaonekana bure mtandaoni.

Vifaa vya kuwa navyo

Kioo cha kukuzia mara 10, tochi ndogo, rula ya milimita, penseli laini, na ile taa ya mwanga wa zambarau wanayotumia madukani kukagulia noti. Basi. Glavu za pamba huzihitaji kwa karatasi. Zinakufanya ushike ovyo na kuikunja. Nawa mikono, ikaushe vizuri, shika karatasi kwa pembe mbili za upande mmoja.

Hatua ya kwanza: tambua imechapwaje

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, kwa sababu wauzaji huandika "steel engraving", yaani picha ya bamba la chuma, kwenye kila kitu cheusi na cheupe. Weka kioo juu ya shavu, kisha juu ya koti, kisha juu ya mandhari ya nyuma. Usiangalie sehemu moja tu.

Katika uchongaji wa mistari, utaona mistari yenye ncha kali: inaanza nyembamba, inanenepa katikati, inaisha nyembamba tena, kwa sababu patasi iliingia kwenye chuma, ikazama, ikatoka. Katika uchongaji wa vitone, ngozi ya uso imejengwa kwa nukta ndogo ndogo zisizopangika katika safu za miraba. Katika mezotinti, bamba zima lilikwaruzwa kwanza hadi likichapwa litoe weusi mtupu, halafu fundi akalainisha sehemu za mwanga moja baada ya nyingine. Chini ya kioo huoni mistari, unaona weusi mzito kama mahameli unaoyeyuka taratibu kuelekea kwenye paji la uso.

Wachongaji wa Marekani katikati ya karne ile walipenda kuchanganya. Uso kwa vitone, koti kwa mistari, na nyuma mistari iliyonyooka mno kupigwa kwa mkono wa mtu, maana ilipigwa kwa mashine. Ukiona mchanganyiko huo, una uwezekano mkubwa wa kuwa na bamba la chuma la kati ya miaka ya 1830 na 1880.

Chuma kina historia yake. Shaba ni laini, na huanza kufifia baada ya chapa mia kadhaa. Mezotinti juu ya shaba huchoka mapema zaidi. Jacob Perkins, mzaliwa wa Newburyport, Massachusetts, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kulifanya bamba la chuma lifae kwa kuchapa noti za benki, na mwaka 1819 akahamia London na ufundi wake. Teknolojia ya kuzuia noti bandia ikawa teknolojia ya kuchapa nyuso za madaktari: bamba moja la chuma lilistahimili maelfu mengi ya chapa. Ndiyo maana picha hizi ni nyingi mpaka leo, na ndiyo maana bei zake hazipandi sana.

Sasa zile zinazouzwa kwa jina lisilo lao. Picha za kuchonga kwenye mbao zilijaza magazeti ya kila wiki kama Frank Leslie's, lililoanza 1855, na Harper's Weekly, lililoanza 1857. Wino wake haukuinuka juu ya karatasi, karatasi ni nyembamba, na ukigeuza mara nyingi utakuta habari za gazeti nyuma. Ni vitu vizuri, lakini vina soko lake. Litografia ilichorwa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta. Vivuli vyake vina chembechembe za jiwe na hakuna alama ya bamba. Picha za gridi ya nukta, ambazo zilienea magazetini na vitabuni kuelekea mwisho wa karne, hujitangaza zenyewe chini ya kioo: nukta zimepangwa safu kwa safu bila kukosea. Nakala za kisasa za kompyuta huonyesha nukta za rangi, samawati, waridi na manjano, hata pale unapodhani unatazama weusi.

Alama ya bamba ni ule ukingo uliodidimia kuzunguka picha, uliotokana na karatasi iliyoloweshwa kubanwa juu ya bamba. Kuwepo kwake ni dalili nzuri. Kutokuwepo si ushahidi dhidi ya picha, kwa sababu vitabu vilikatwa kingo na mara nyingi alama iliondoka na ukingo. Pia inaweza kughushiwa kwa kubana bamba tupu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni wino: inamisha karatasi, piga tochi kutoka ubavuni, na tazama sehemu nyeusi kabisa za koti. Wino wa bamba lililochongwa huketi juu ya karatasi, na mwanga wa pembeni hulionyesha hilo.

Mwisho, zima taa na uwashe ile ya zambarau. Karatasi ikiwaka kwa weupe wa kibuluu, ina dawa za kung'arisha zilizoanza kutumika viwandani karibu na mwaka 1950. Karatasi ya karne ya 19 hubaki imefifia.

Hatua ya pili: soma ukanda wa chini

Anza kushoto. Hapo hukaa jina la aliyetoa sura ya awali. Likifuatwa na "pinx." au "pinxt", alikuwa mchoraji wa rangi. "Del." ni mchoraji wa kalamu au penseli. Ukiona "from a Daguerreotype by" au "Photo. by", sura ilitoka kwenye kamera, na hapo hapo umepata tarehe ya chini kabisa inayowezekana, maana daguerreotype, aina ya mwanzo ya picha za kamera, ilitangazwa Paris mwaka 1839. Jina la Brady hujitokeza mara nyingi. Huyo ni Mathew Brady wa New York, ambaye studio yake ilipiga karibu kila mtu mwenye jina.

Nenda kulia. "Sc.", "sculp." au "Eng'd by" humtaja mchongaji. Majina machache yatajirudia mpaka uyazoee. John Sartain alizaliwa London 1808, akafika Philadelphia mwaka 1830, na akaifanya mezotinti kuwa kazi ya soko. Angalia herufi ya kwanza kwa makini, kwa sababu familia nzima ilichonga: mwanawe Samuel, na binti yake Emily, ambaye baadaye aliongoza chuo cha ubunifu cha wanawake cha mji huo. "Sartain" peke yake haitoshi kumjua nani. New York kulikuwa na Alexander Hay Ritchie kutoka Uskoti, H. B. Hall na wanawe, J. C. Buttre, na George E. Perine. Wa zamani kidogo ni James Barton Longacre, aliyeshirikiana na James Herring kutoa mfululizo mkubwa wa sura za Wamarekani mashuhuri katika miaka ya 1830. Mwaka 1844 Longacre akawa mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali, na senti yenye kichwa chenye taji la manyoya ya Wahindi Wekundu, ya mwaka 1859, ni kazi yake.

Katikati, chini ya saini, kuna jina na vyeo. Hapa herufi ndogo zina uzito. "M.D." kila mtu anaijua. "LL.D." ni shahada ya heshima ya sheria. "U.S.A." baada ya neno Surgeon (mpasuaji) haimaanishi nchi, inamaanisha jeshi la nchi kavu. "U.S.N." ni jeshi la majini. "U.S.V." ni vikosi vya kujitolea, na kwa daktari mwenye sare ya enzi hizo hilo linakuelekeza kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Saini yenyewe imechongwa pamoja na picha. Kila mwaka kuna watu wanaouziwa picha "iliyotiwa saini na daktari mwenyewe" kumbe saini imo kwenye bamba. Rudi kwenye tochi ya pembeni: saini ya bamba ina wino uleule, weusi uleule na mwinuko uleule wa koti. Wino wa kalamu wa enzi zile mara nyingi umegeuka kahawia na umezama ndani ya karatasi.

Hatua ya tatu: pata tarehe kutoka kwenye sheria

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji jicho la sanaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1802 iliongeza picha za kuchongwa kwenye vitu vinavyolindwa, na kuanzia hapo picha ilipaswa kubeba tamko la usajili. Maneno ya tamko hilo yalibadilika, na mabadiliko hayo ndiyo saa yako.

Ukisoma "Entered according to Act of Congress in the year...", yaani imesajiliwa kwa sheria ya bunge mwaka fulani, na kufuatiwa na ofisi ya karani wa mahakama ya wilaya, kwa mfano "Southern District of New York" au "Eastern District of Pennsylvania", usajili ulifanyika kabla ya sheria ya mwaka 1870 kuanza kazi. Ukisoma tamko hilohilo lakini mwisho wake ni "in the Office of the Librarian of Congress at Washington", ni 1870 au baadaye, kwani sheria ya mwaka huo ilihamishia usajili wote maktaba ya bunge. Ukikuta tu "Copyright" na mwaka na jina, ni baada ya sheria ya 1874 iliyoruhusu tamko fupi.

Tahadhari mbili. Mwaka ulioandikwa ni wa kusajili, na bamba linaweza kuwa lilichapwa tena miaka 20 baadaye likiwa na mwaka uleule. Na mtu anaweza kuwa alishafariki zamani. Benjamin Rush, aliyetia saini azimio la uhuru mwaka 1776, alifariki 1813, lakini mabamba ya uso wake yaliendelea kuchongwa karne nzima, kila moja likiiga lililotangulia au picha ya rangi ya Thomas Sully.

Hatua ya nne: hakikisha ni nani

Udaktari wa Marekani ulirithishwa, na majina pia. Boston kulikuwa na John Warren (1753–1815), mwanawe John Collins Warren (1778–1856), mjukuu Jonathan Mason Warren (1811–1867), na kitukuu J. Collins Warren (1842–1927), wote wapasuaji. Aliyeshika kisu hospitali kuu ya Massachusetts tarehe 16 Oktoba 1846, siku William T. G. Morton alipomlaza mgonjwa kwa etha, dawa ya usingizi, mbele ya hadhira, ni yule wa pili. Muuzaji akikuandikia "Dr. Warren, ether" bila zaidi, muulize miaka. Halafu kuna Nathan Smith, aliyeanzisha mafunzo ya udaktari Dartmouth, mwanawe Nathan Ryno Smith wa Baltimore, na Nathan Smith Davis wa Chicago, ambaye si ndugu yao na ambaye alikuwa mstari wa mbele kuunda chama cha madaktari wa Marekani mwaka 1847.

Usiridhike na picha za intaneti kama uthibitisho. Rebecca Lee Crumpler alihitimu Boston mwaka 1864 na kuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kupata shahada ya udaktari nchini humo. Hakuna sura yake iliyothibitishwa iliyobaki. Hata hivyo kurasa nyingi zinakuonyesha "picha yake", ambayo kumbe ni ya mwanamke mwingine, mara kadhaa nesi Mary Eliza Mahoney. Mtu akikuuzia picha ya kuchonga ya Crumpler, funga mkoba wako.

Hata kitabu cha kuheshimika kinaweza kukupoteza. Kamusi kubwa ya wasifu ya Appleton, iliyotoka juzuu sita kati ya 1887 na 1889 ikiwa na sura nzuri za kuchonga, iliwalipa waandishi kwa urefu wa walichoandika. Baadhi yao wakaongeza watu. Mwaka 1919 mtaalamu wa mimea John Hendley Barnhart alichapisha orodha ya wanasayansi 14 wa humo ambao hakuona dalili kwamba waliwahi kuishi, na wengine wakagunduliwa baadaye. Picha zake ni za watu wa kweli, lakini maelezo ya maisha yathibitishe kwingine.

Kuna pia madaktari wa chupa. Kati ya 1862 na 1883 dawa za viwandani zilitozwa kodi, na serikali iliruhusu kampuni kuchongesha stempu zake zenyewe za kulipia kodi hiyo. Wenye dawa wakaweka nyuso zao. J. C. Ayer wa Lowell na R. V. Pierce wa Buffalo ni mifano. Stempu hizo ni picha ndogo za kuchongwa zenye ufundi wa hali ya juu, na baadhi ya vipande vinavyouzwa kama "portrait", yaani picha ya sura, vimekatwa kutoka kwenye matangazo ya aina hiyo. Mimi sivikatai, ila nataka niambiwe.

Hatua ya tano: tafuta kitabu mama

Ukishajua jina, mchongaji na mwaka, unatafuta picha ilitoka kitabu gani. Fahirisi ya sura za vitabuni iliyoandaliwa na chama cha maktaba cha Marekani na kuchapishwa 1906 hukuambia mtu fulani ameonekana katika kitabu kipi na ukurasa upi. Kwa upande wa wachongaji, orodha ya David McNeely Stauffer ya 1907, yenye majina ya mafundi wa shaba na chuma na kazi zao, bado haijapitwa kwa mambo ya mwanzo. Zote mbili muda wake wa hakimiliki umekwisha na zinasomeka mtandaoni bila malipo.

Kisha linganisha na nakala iliyothibitishwa. Maktaba ya taifa ya tiba iliyoko Bethesda, Maryland, ina hazina kubwa ya sura za matabibu iliyowekwa wazi kwenye tovuti yake. Wellcome Collection ya London nayo ni ya bure. Pima upana na urefu wa picha yenyewe, bila kingo, na ulinganishe na vipimo vyao. Tofauti ya milimita moja au mbili ni kusinyaa kwa karatasi. Tofauti kubwa zaidi ni bamba jingine au nakala iliyopunguzwa kwa kamera.

Hatua ya sita: chagua uzi, ndipo ununue

Sura 50 zisizohusiana zinachosha. Chagua uzi mmoja. Ugomvi wa etha, yaani nani astahili sifa ya dawa ya usingizi, unatosha kukushughulisha muda mrefu: Crawford Long, aliyeitumia Jefferson, Georgia, tarehe 30 Machi 1842 na kukaa kimya, daktari wa meno Horace Wells, Morton, Charles T. Jackson aliyedai wazo ni lake, John Collins Warren, na Oliver Wendell Holmes aliyependekeza usingizi huo uitwe anesthesia.

Au fuata uzi wa wale walioachwa nje. James McCune Smith alinyimwa nafasi vyuoni kwao kwa rangi yake, akasomea Glasgow, akapata shahada mwaka 1837 na kurudi New York kutibu. Sura yake ya kuchonga ilifanywa na Patrick H. Reason, mchongaji Mmarekani Mweusi aliyesoma shule moja na yeye, African Free School. Ni vigumu kuipata sokoni, lakini ifahamu.

Uzi huo una upande wa pili wenye uchungu. Sura za J. Marion Sims ziko tele, na ndiye aliyefungua hospitali ya wanawake New York, ambako Emmet alikuwa msaidizi wake. Lakini mbinu yake ya kushona fistula aliijaribu Montgomery, Alabama, kati ya 1845 na 1849, juu ya miili ya wanawake watumwa, tena na tena, bila dawa ya usingizi. Anarcha, Betsey na Lucy ndio majina tuliyobaki nayo. Sanamu yake iliondolewa Central Park mwaka 2018. Ukiweka picha yake kwenye albamu, andika majina hayo matatu kwenye ukurasa uleule.

Na ukitaka uzi unaogusa pwani yetu, tafuta jina la William S. W. Ruschenberger, daktari wa jeshi la majini. Septemba 1835 alifika Unguja ndani ya manowari Peacock, pamoja na mjumbe Edmund Roberts, wakiwa njiani kwenda Maskati kubadilishana hati za mkataba ambao Roberts na Sayyid Said bin Sultan waliutia saini mwaka 1833. Aliandika kitabu cha safari hiyo, kikatoka Philadelphia mwaka 1838, na baadaye akawa rais wa chuo cha matabibu cha mji huo.

Kuhusu bei: picha ya kawaida ya kitabuni huuzwa kwa makumi ya dola. Ikifika mamia, iwe na sababu unayoweza kuiona kwa macho, kama chapa ya majaribio iliyotolewa kabla ya jina kuchongwa, au chapa iliyowekwa juu ya karatasi laini ya Kichina. Omba picha ya mgongo wa karatasi siku zote. Mgongo huonyesha gundi, viraka, mihuri ya maktaba na madoa ambayo mbele yamefichwa. Muhuri wa maktaba bila muhuri mwingine wa kuondolewa rasmi ni sababu ya kuacha. Mimi pia siwanunulii wanaokata kitabu kizima ili wauze kurasa, na unaweza kuwatambua: wana sura 40 kutoka kitabu kimoja, zote zina ukingo wa kushoto mweupe uliokatwa jana.

Mwambie muuzaji atume ikiwa imelala kati ya kadi mbili ngumu. Bomba la kukunjia karatasi ni la mabango.

Hatua ya saba: kuitunza, hasa ukiwa pwani

Karatasi nzuri ya mwanzo wa karne ile ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, nayo ni imara ajabu. Kuanzia nusu ya pili ya karne, nyuzi za mbao ziliingia viwandani, na karatasi hiyo ina asidi inayoila yenyewe. Zitenganishe. Ya mbao isilale juu ya ya tambara.

Adui wa kwanza Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ni unyevu. Wahifadhi hupendekeza unyevu wa kati ya asilimia 35 na 50, kiwango ambacho nyumba ya pwani haikifikii bila msaada. Usijidanganye na kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi, kwa sababu kupanda na kushuka kunaumiza kuliko unyevu uliotulia. Njia ya gharama ndogo ni boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, pakiti za silika jeli za kufyonza unyevu, zinazoweza kukaushwa na kutumika tena, na kipimo kidogo cha unyevu ndani yake. Boksi likae kwenye kabati la ukuta wa ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Likague mara kwa mara wakati wa masika.

Kila picha iwe ndani ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa poliesta safi. Mifuko ya plastiki laini ya kuhifadhia vyeti inayouzwa maduka ya vifaa vya ofisi, mingi ni ya PVC, nayo huyeyukia kwenye wino. Kupitisha picha kwenye mashine ya kuilamineti ni kuiua. Selotepu, vivyo hivyo.

Madoa ya rangi ya kutu yaacheni. Watu huyasugua kwa kifutio, huyapaka dawa ya kuondoa madoa ya nguo, wakapata tundu. Vumbi la juu liondoe kwa brashi laini, kuanzia katikati kwenda nje. Zaidi ya hapo ni kazi ya mhifadhi aliyesomea.

Ukitaka kuifremu, ishikize juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu ya kadi isiyo na asidi. Iwepo nafasi kati yake na kioo, la sivyo unyevu utaibandika. Kioo kiwe cha kuzuia mionzi ya jua, na ukuta usiwe ule unaotazama dirisha la magharibi. Badilisha picha za ukutani kila baada ya miezi michache, nyingine zipumzike gizani.

Hatua ya nane: andika

Kwenye mgongo, pembe ya chini, kwa penseli laini na mkono mwepesi, weka namba tu. Mengine yaandike kwenye daftari au jedwali la kompyuta: jina na miaka ya mtu, mchoraji au mpiga picha, mchongaji, tamko la usajili neno kwa neno kama lilivyo pamoja na makosa yake, vipimo kwa milimita, mbinu, kitabu mama kama umekipata, ulipoinunua, na bei. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, ukanda wa chini ukiwemo mzima. Wengi huukata wakati wa kuskani ili uso ujae kwenye kioo cha simu, na atakayeipata nakala hiyo baadaye atalazimika kukuuliza wewe.